Kabla ya Kutia Maji ya Kisima Kwenye Rejeta

Gari linalotoka Mombasa likifika Malili huwa limepanda zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kipande kigumu ni cha mwisho. Ukishapita Sultan Hamud unaikabili milima ya Salama nyuma ya lori la kontena linalotambaa; injini inavuta kwa gia ndogo, upepo wa kupoza rejeta ni haba, na jua la Ukambani halina huruma. Si ajabu basi kukuta boneti zimefunguliwa kando ya barabara pale Malili, mvuke unafuka, na dereva anaulizia jerikeni ya maji.

Wenye magari wengi huuliza kulanti ya rangi gani ndiyo nzuri. Mimi ningependa waanze na maji yanayochanganywa nayo, hasa wanaoishi Makueni na Kitui. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Mwenyeji anaijua kwenye chai na kwenye sabuni inayokataa kutoa povu. Chungulia ndani ya birika lililotumika mwaka mzima: chini kuna gamba jeupe, gumu, ambalo hata ukilisugua kwa mchanga halitoki lote. Ni kalsiamu na magnesiamu, na madini hayohayo hujishikiza kuzunguka silinda na ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Gamba halipitishi joto vizuri kama chuma. Feni itazunguka, pampu itasukuma, lakini joto litabaki palepale kwenye injini. Kloridi iliyomo kwenye maji ya chumvi nayo hula aluminiamu, na siku hizi rejeta ni aluminiamu, na silinda hedi ya magari mengi pia.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawalisemi mara nyingi. Magari mengi yetu ni ya mitumba kutoka Japani: Probox, Fielder, Demio, Note. Watengenezaji wa Japani hupendelea kulanti yenye fosfeti na isiyo na silika, kwa sababu waliona silika inachakaza sili za pampu ya maji. Wazungu walikwenda njia nyingine: maji ya Ulaya yana chokaa nyingi, na fosfeti ikikutana na chokaa huganda ikawa uchafu mgumu, kwa hiyo wengi wao wakaiacha fosfeti. Sasa fikiria dereva wa Probox aliyenunua kulanti nzito ya Kijapani, tena ya bei, halafu akaizimua kwa maji ya kisima. Ameziunganisha dawa na sumu yake ndani ya chombo kimoja.

Kwa hiyo nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, na usiiongeze maji. Ukinunua ile nzito, ichanganye nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Hapo uwe mwangalifu: dukani asidi ya betri hukaa rafu moja na maji ya betri, na hiyo haitakiwi kabisa. Ukikwama njiani, maji ya mvua yaliyotulia kwenye tangi ni afadhali kuliko ya kisima. Na ikiwa ni ya kisima tu yaliyopo, tia ufike nyumbani, kisha safisha mfumo wote wiki hiyohiyo.

Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za theluji, huku maji yanatosha. Kweli, maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Lakini kwenye mwinuko wa Malili maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na injini nyingi hufanya kazi kati ya 80 na 100. Kinachoyazuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho hubana presha ndani. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji matupu yanatokota. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hupandisha kiwango cha kuchemka hata kifuniko kisipofanya kazi, na una dawa za kuzuia kutu ambazo maji hayana. Kifuniko kipya ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na gasketi iliyoungua. Kibadilishe.

Kuhusu rangi, hakuna sheria inayowafunga watengenezaji. Kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine, na rangi ya waridi unaweza kuitia kwenye maji ya bomba. Soma lebo. Tafuta ASTM D3306 au JIS K 2234, kisha ulinganishe na kitabu cha gari. Lori za dizeli zina mahitaji yao, maana mtetemo wa kuta za silinda hutengeneza mapovu yanayotoboa chuma. Huko tafuta ASTM D6210. Usichanganye aina mbili usizozijua, kwani nyingine zikikutana dawa zake hufa mapema au hugeuka ute.

Linaloniumiza zaidi ni themostati kung'olewa. Gari likichemka, fundi anaitoa, anasema maji sasa yatapita bila kizuizi. Injini inakuwa baridi barabarani, inakunywa mafuta, na oili inachafuka. Isitoshe, katika injini nyingi za Toyota themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ikishapata joto. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari huchemka zaidi ya mwanzo. Iliyokufa ibadilishwe kwa nyingine.

Muda wa kubadilisha unatofautiana. Ile ya waridi ya Toyota, iliyotiwa kiwandani, huwekewa kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha kila kilomita 80,000. Lakini gari la mitumba hujui lilitiwa nini bandarini au gereji, kwa hiyo mimi hulisafisha upya. Injini ikiwa imepoa kabisa, mwaga ya zamani, tia maji safi, washa na hita ikiwa kwenye joto kali, zima, ngoja ipoe, mwaga tena, urudie mpaka yatoke meupe. Suuza ya mwisho iwe kwa maji yasiyo na madini. Injini ya 1,500 cc hubeba lita 5 hivi, na maji kiasi hubaki ndani. Kwa hiyo tanguliza kulanti nzito nusu ya ujazo, kisha ujazie kwa maji safi. Toa hewa yote kabla ya kufunga kifuniko. Baada ya hapo, chupa ya akiba ikiendelea kupungua pasipo tone chini ya gari, usikimbilie kuongeza tu: vuta kijiti cha oili, na ukiona utando wa rangi ya maziwa, gasketi imeshaondoka.

Ile ya zamani usiimwage uani. Kulanti ya ethilini glikoli ina utamu, na mbuzi, mbwa na hata watoto huilamba. Ifungie kwenye jerikeni iliyoandikwa wazi, isiyofanana na ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa apelekwe hospitali papo hapo hata kama anacheza, kwa sababu madhara kwenye figo huja saa nyingi baadaye, na tiba hufaa ikianza mapema.