MIONZI YA SARATANI YA MATITI NA NAMNA YA KUKABILIANA NA TAABU ZAKE

Saratani ya matiti ni miongoni mwa maradhi yanayowasumbua akina mama wa Unguja na Pemba. Baada ya kupasuliwa, wengi wao huhitaji tiba ya mionzi, na kwa ajili hiyo kwa miaka mingi wamekuwa wakivuka bahari kwenda Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Mgonjwa hukaa huko wiki kadhaa, mbali na watoto na jamaa zake.

Imebainika kwamba wako wanaoikatisha tiba hiyo katikati. Wengine huishiwa na nauli na gharama za makaazi, na wengine huogopa wanapoiona ngozi yao ikibadilika rangi, wakadhani kuwa wanaunguzwa. Makala haya yanaeleza taabu zinazotokana na mionzi, namna ya kuzistahamili, na sababu ya kutoikatisha tiba.

Mionzi hufanya kazi gani

Mionzi ni miale isiyoonekana kwa macho, inayoelekezwa kwenye ziwa, au kifuani mahali ziwa lilipoondolewa, na mara nyengine kwapani. Miale hiyo huharibu chembechembe za saratani ambazo huenda zimebakia baada ya upasuaji. Mgonjwa hulala juu ya kitanda cha mashine kwa dakika chache na hasikii maumivu. Kwa kawaida hupigwa siku 5 kwa wiki. Utaratibu wa zamani ulikuwa mara 25 kwa muda wa wiki 5. Utafiti uliofanywa Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2008, ulithibitisha kwamba kwa wagonjwa wengi mara 15 kwa wiki 3 hutosha.

Tiba hugawiwa kidogo kidogo kwa makusudi, ili chembechembe nzima za mwili zipate kujirekebisha baina ya siku moja na nyengine. Mgonjwa anapokatisha kwa siku nyingi, hata zile za saratani hupata nafasi ya kuota tena, na faida ya siku zilizotangulia ikapungua. Kwa hiyo mwenye shida ya fedha au ya malazi ailete mapema kwa madaktari na maofisa wa ustawi wa jamii kabla ya kuamua kurudi nyumbani.

Ngozi

Athari inayoonekana mwanzo ni ya ngozi. Baada ya wiki mbili hivi huanza kuwasha, kukauka na kuiva. Kwa watu weusi huwa nyeusi zaidi. Pengine hutoka magamba, na chini ya ziwa au kwapani panapogusana huweza kuchubuka na kutoa majimaji.

Jambo la kuzingatiwa sana ni kwamba hali hii huzidi mwisho wa tiba, na huendelea kuzidi kwa wiki moja au mbili baada ya siku ya mwisho. Maana yake ni kwamba mgonjwa anaweza kupanda boti kurudi nyumbani akiwa na nafuu, kisha ngozi ikachubuka akiwa Wete au Makunduchi. Hiyo si dalili kwamba tiba imeharibika. Kwa kawaida ngozi hupona katika wiki chache zinazofuata.

Mgonjwa anashauriwa kufanya haya:

1. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, na kujikausha kwa kugusisha taulo laini bila ya kusugua. Alama zilizochorwa na mafundi wa mionzi zisifutwe, na zikififia mgonjwa asizichore mwenyewe.

2. Kuvaa nguo za pamba zisizobana. Kanga laini ni bora kuliko sidiria yenye waya.

3. Kuacha kwa muda singo, liwa, udi na marashi kwenye sehemu inayotibiwa, kwani huiwasha ngozi. Mafuta ya kulainisha yawe yale aliyoyakubali muuguzi.

4. Kutonyoa kwapa kwa wembe wala kwa nta mpaka ngozi ipone.

5. Kujikinga na jua, na kutooga baharini, kwa kuwa maji ya chumvi huikausha ngozi.

6. Kutoweka barafu, kitu cha moto, wala dawa ya majani juu ya ngozi iliyochubuka.

Uchovu

Uchovu wa mionzi si uvivu. Huongezeka kadiri siku zinavyokwenda na huweza kubakia kwa wiki au miezi baada ya tiba. Kulala kutwa hakuuondoi. Kutembea kidogo kila siku, asubuhi au alasiri jua linapopungua, husaidia zaidi. Mgonjwa ale chakula cha kutosha, kikiwemo samaki, maharage, mayai na mboga, na anywe maji kwa wingi. Kazi za kuteka maji, kutwanga na kufua ni wajibu wa watu wengine wa nyumba kuzichukua. Ukifika mwezi wa Ramadhani, inafaa ikumbukwe kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine.

Mkono na bega

Bega la upande uliotibiwa huweza kukakamaa. Mazoezi ya kuunyanyua mkono taratibu, kama alivyoelekezwa mgonjwa hospitalini, yafanywe kila siku. Aliyeondolewa tezi za kwapani au kupigwa mionzi hapo huweza kuvimba mkono, hata baada ya miaka. Aulinde na majeraha na kuungua jikoni, na akiona uvimbe asingoje.

Khofu zisizo na msingi

Mionzi inayotoka kwenye mashine haibakii mwilini. Mgonjwa anaweza kumpakata mtoto, kula sahani moja na wenziwe na kulala na mumewe bila ya kumdhuru mtu. Nywele za kichwa hazitoki kwa mionzi ya ziwa. Zinazotoka ni za kwapani ikiwa hapo panapigwa. Wanaopoteza nywele za kichwa huwa wamepata dawa za saratani za kupitia mshipani. Hata hivyo, mgonjwa asishike mimba wakati wa tiba, na akihisi anayo aseme kabla ya kuingia kwenye mashine.

Wakati wa kumuona daktari

Mgonjwa aende hospitali bila ya kuchelewa akiona usaha au harufu mbaya, homa, au mkono kuvimba ghafla. Kikohozi kikavu na pumzi kubana, hata miezi kadhaa baada ya tiba, huweza kutokana na pafu lililopitiwa na mionzi. Amwambie daktari kwamba aliwahi kupigwa mionzi. Walioko Unguja waende Hospitali ya Mnazi Mmoja, na walioko Pemba Hospitali ya Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani, wakiwa na karatasi zote walizopewa Dar es Salaam.

Makazini

Mtumishi anayepewa rufaa apeleke mapema cheti cha daktari kwa mkuu wake wa kazi. Wakuu wa kazi nao wanakumbushwa kwamba siku ya mwisho ya mionzi si siku ya kupona. Atakaporudi ofisini, apewe kazi nyepesi kwanza, na asihesabiwe kuwa mzembe akichoka kabla ya saa za kutoka.

Siku za mionzi zinahesabika. Ngozi hurudi na nguvu hurudi, lakini tiba iliyokatishwa ni vigumu kuianza upya. Jamaa wa mgonjwa wamsaidie aimalize.