Fahamu: Gari likibomoa ukuta wako, nani analipa?

Daladala imeacha njia na kuparamia ukuta wako. Dereva anakusihi: "Tuyamalize hapa hapa, mzee wangu." Usikubali kabla ya trafiki kufika, kwani bila ripoti ya polisi kampuni ya bima haina pa kuanzia.

Piga picha matofali yakiwa bado chini: namba ya gari, alama za matairi, nguzo iliyopasuka, na nyufa zilizo mbali na pale gari lilipogonga, maana hizo ndizo hubishaniwa zaidi. Nchini Tanzania, bima ya gari huhakikiwa kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRAMIS, na humo utaona kampuni iliyoitoa.

Dai lako unalipeleka kwa kampuni hiyo, kwa maandishi, pamoja na makadirio ya fundi yanayotenganisha saruji, nondo na ufundi. Usijenge upya kabla mkaguzi wao hajafika. Ukuta ukitishia kuangukia watu, bomoa sehemu hiyo tu, ukiwa umeshaipiga picha.

Fidia ya mali ina kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba wa bima. Hasara ikizidi hapo, salio unawadai dereva na mwenye gari.

Kabla ya malipo utaletewa hati ya kusaini. Isome yote! Mara nyingi inasema hutadai tena, hata senti. Kiasi kisipokuridhisha, usisaini. Lalamika kwa maandishi kwa kampuni hiyo ya bima, kisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009.