Kutuma, kuagiza na kutumia: lugha ya mahitaji ugenini

Mfasiri anayetafuta nomino moja ya Kiswahili ya kujumlisha zile safari fupi za kila siku, yaani kufuata dawa, kupeleka nguo kwa fundi, kununua nyanya au kulipia umeme, hutoka mikono mitupu. *Shughuli* ni pana mno, na *ujumbe* umeelemea upande wa maneno na barua. Maana hiyo Kiswahili huibeba katika vitenzi, na vitenzi vyenyewe hutaka kujua kwanza: nani kamtuma nani?

Tuchukue mkazi wa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, jirani na kijiji cha Bweni. Akitaka hospitali ya wilaya, au boti ya kuvukia Nyamisati, sharti ateremke hadi Kilindoni, upande wa kusini wa kisiwa. Kwa hiyo anayesafiri husafiri pia na haja za wenzake, na hapo ndipo tofauti ya *-tuma* na *-agiza* inapoonekana. Kwa kawaida mtu hutumwa mahali na huagizwa kitu: *Nimemtuma Kilindoni*, lakini *Nimemwagiza sukari kilo 2*. Anayetumwa anakwenda kwa ajili yangu. Anayeagizwa huenda ana safari yake, nami nimeipandisha haja yangu juu yake.

Tofauti hii ina uzito wa adabu. Mtu mzima wa pwani aweza kumwita mtoto yeyote wa mtaani, *Njoo nikutume*, na mtoto akaenda. Kinyume chake hakisemwi. Mtoto humwambia mkubwa: *Bibi, ukipita dukani naomba unichukulie kiberiti.* Kutuma ni kudai mamlaka juu ya miguu ya mwingine. Si ajabu neno *mtumwa* limezaliwa humo. Sentensi *Nilimtuma baba sokoni* haina kosa la sarufi, ila msomaji atamwona msemaji hana heshima. *Nilimwomba baba anipitie sokoni* ndiyo tafsiri.

Sasa mkazi huyo ahamie Dar es Salaam. Huko hana mtoto wa jirani wa kumtuma, na jirani mwenyewe huenda hamjui jina. Kitenzi *-tuma* hakimtoki mdomoni hata hivyo, maana tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, kinachotumwa zaidi ni pesa. Nyumbani wanamwandikia *nitumie*, na mfasiri asiye mwangalifu hujikwaa. *-tumia* ni kauli ya kutendea ya *-tuma* (kumpelekea mtu kitu), na pia ni kitenzi cha kujitegemea chenye maana ya kufanyia kazi. *Nimetumiwa laki moja* ni habari njema. *Nimetumiwa* pekee, bila kitu kutajwa, aghalabu ni malalamiko. Ile LUKU anayoinunua ili taa ziwake ni ufupisho wa *Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo*, na humo ni maana ya pili.

Kwa wakala *kuweka* ni kuingiza fedha katika simu na *kutoa* ni kuzipata mkononi. Kutoa kuna makato, ndiyo maana ndugu huongeza, *tuma na ya kutolea*. Kirai hiki hakifasiriki neno kwa neno: *ya* imeshikilia nomino iliyodondoshwa, pesa ya kulipia makato hayo.

Walaghai nao wanaijua sarufi. Ujumbe wao maarufu nchini Tanzania huanza kwa *ile hela tuma kwenye namba hii*. Wangeandika *tuma hela* tu, mpokeaji angeuliza hela gani. Kionyeshi *ile* hurejelea jambo ambalo wote wawili wanalijua tayari, na aliyekuwa njiani kumlipa mwenye nyumba kodi hudhani ni yeye anayemkumbusha. Silabi mbili zimewafilisi watu. Mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia vionyeshi vya urejeshi asihangaike kutunga mwingine.

Akivuka mpaka hadi Nairobi, lugha ni ileile na duka linamchanganya. Umeme huko mitaani ni *stima*. Tatizo kubwa liko kwenye magunia ya nafaka. Akiomba *dengu*, akikusudia zile punje kubwa za rangi ya manjano au kahawia, muuzaji aweza kusikia *ndengu* na kumpimia punje ndogo za kijani, ambazo Tanzania Bara huitwa *choroko* na Unguja *chooko*. Kwa hiyo katika mapishi yanayosomwa pande zote mbili haitoshi kuandika jina. Andika na rangi, na ukubwa wa punje.