Roboti Zikibeba Boksi, Sisi Tutafanya Nini?

Wazazi hapa Crystal na jirani zetu wa Brooklyn Park wananiuliza swali moja, kwa kuwa mimi ni nesi na wanadhani nesi ana jibu la kila kitu: mtoto asomee nini ili kompyuta isije ikamnyang'anya kazi? Wanafunzi nao wananijia kwa mlango wa pili: "Dada, nikimaliza hii digrii kazi itakuwepo?" Mimi si mtabiri. Ninachoweza ni kueleza yaliyokwisha kuanza katika kazi tunazozifanya sisi wenyewe, maana watu wa Afrika Mashariki wa upande huu wa Minneapolis ukiwauliza wanafanya kazi gani, majibu hayafiki kumi. Ghala, kuendesha gari, kutunza wazee na walemavu, hospitali.

Tuanze na ghala. Waswahili wa ughaibuni kila kazi ngumu tunaiita kubeba boksi, lakini kule Shakopee, kwenye ghala la Amazon, boksi ni boksi kweli. Mwaka 2012 Amazon ilinunua kampuni ya roboti iitwayo Kiva Systems kwa dola milioni 775. Roboti hizo hujipenyeza chini ya rafu, huinyanyua nzima na kumpelekea mfanyakazi pale aliposimama. Mwaka 2025 Amazon ilitangaza kwamba idadi ya roboti zake imefika milioni moja.

Watu hawakufukuzwa wote siku ile roboti zilipoingia. Kilichobadilika ni mwendo. Zamani uliifuata rafu na ulipokuwa unatembea ulipumua. Sasa rafu inakufuata wewe, na kompyuta inahesabu umeshika vitu vingapi kwa saa. Ndiyo maana wafanyakazi wa Shakopee, wengi wao Wasomali, waligoma Julai 2019 wakati wa mauzo makubwa ya Prime Day. Minnesota ikaja kupitisha sheria iliyoanza kutumika Agosti 1, 2023: ghala kubwa lazima limpe mfanyakazi kwa maandishi kiwango cha kazi anachodaiwa, na kwa lugha yake. Haliruhusiwi kumwadhibu kwa kushindwa kufikia kiwango kinachomnyima muda wa kula, kwenda chooni au kuswali. Kwa hiyo kama unafanya kazi huko na Kiswahili ndiyo lugha yako, karatasi hiyo ni haki yako kuipata kwa Kiswahili. Nimewauliza watu watatu ninaowafahamu, hakuna aliyewahi kuiomba.

Madereva wa Uber na Lyft walipata chao mwaka 2024, baada ya mvutano mrefu: sheria ya jimbo iliweka malipo ya chini ya dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika. Mwaka uliofuata, Novemba 2025, Waymo ikatangaza kwamba inaleta Minneapolis magari yake yanayojiendesha. Yataanza polepole, na theluji yetu ya Januari itayafundisha adabu. Ila baba mwenye miaka 50 aliyekopa ili anunue gari la kazi, mimi nisingemshauri akope la pili.

Kwenye kutunza watu majumbani hali ni tofauti, na hapa wengi wanakosea hesabu. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani ilikadiria kwamba kazi hii itakua kwa asilimia 21 kati ya 2023 na 2033. Wazee wanaongezeka, na bado hakuna roboti inayoweza kumtoa bibi wa miaka 86 bafuni bila kumwangusha wala kumvunjia heshima. Teknolojia imeingia kwa njia nyingine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2016 ilitaka kila ziara inayolipiwa na Medicaid irekodiwe kwa elektroniki: umefika saa ngapi, umetoka saa ngapi, uko wapi. Kazi imebaki ya mikono, bosi amehamia kwenye simu. Ukisahau kubonyeza, mshahara unaanza safari ya wiki mbili za barua pepe.

Sasa niingie kwangu. Nilisoma stashahada ya uuguzi nyumbani Tanzania, ambako chati ilikuwa ya karatasi na kalamu ilifungwa kwa uzi mezani ili isiibiwe. Digrii niliipata huku, na siku hizi nusu ya zamu naimaliza mbele ya skrini. Mashine mpya husikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa kisha huandika maelezo yenyewe. Kwa kweli nazipenda. Daktari aliyekuwa anaitazama kompyuta sasa anamtazama mgonjwa. Lakini aliyekuwa akilipwa kuchapa maneno ya daktari kutoka kwenye kinasa sauti, kazi yake inayeyuka.

Zipo pia programu zinazotuonya kwamba mgonjwa ameanza sepsisi, yaani maambukizi yanapouzidi nguvu mwili mzima. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi wao wa programu moja ya namna hiyo, ya kampuni ya Epic, iliyokuwa imeenea katika hospitali nyingi. Kati ya wagonjwa 2,552 waliokuwa na sepsisi, haikuwatambua 1,709. Theluthi mbili! Na huku ikipiga kengele kwa wengi wasio nayo. Nawasimulia hili wanafunzi wa uuguzi wanaoniuliza kama watahitajika. Mtu wa kugusa ngozi na kusema "huyu leo hayuko sawa" bado anahitajika, ila awe na ujasiri wa kubishana na skrini.

Tena wataalamu wakubwa nao hukosea wanapotabiri. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, bingwa wa akili mnemba aliyekuja kupata Nobeli mwaka 2024, alisema watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei. Madaktari hao hadi leo wanatafutwa kwa tochi.

Kwa mzazi anayeuliza mtoto asomee nini, jibu langu ni kazi yenye mikono, maamuzi na leseni kwa pamoja. Uuguzi, ufundi umeme, kutengeneza hizo hizo roboti. Na msianze na mkopo. Tangu masika ya kupukutika majani ya 2024, mpango wa North Star Promise unalipa karo ya vyuo vya umma vya Minnesota kwa wakazi ambao mapato ya familia hayafiki dola 80,000 kwa mwaka. North Hennepin na Hennepin Technical vyote viko Brooklyn Park, mwendo mfupi kutoka hapa Crystal.

Kazi moja inanipa wasiwasi kuliko zote, nayo ni ukalimani. Miaka ya nyuma mkalimani alikuja mwenyewe, akakaa karibu na kitanda. Halafu akawa sura kwenye tableti. Sasa watu wanajaribu kumtoa kabisa waweke mashine. Kuna utafiti wa 2021 uliopima Google Translate kwa maelekezo ya wagonjwa wanaotoka chumba cha dharura: Kihispania kilitafsiriwa sawasawa kwa asilimia 94, Kiarmenia asilimia 55. Kiswahili hakikupimwa. Lugha yenye maandishi mengi kwenye intaneti hunufaika, na yenye machache hupewa makombo.

Mzee wa pwani akisema "moyo umenichafuka" anataka kutapika. Asiyeijua lugha atamfunga nyaya za kupima moyo. Na baya zaidi ni saa. Nimeshaona maelekezo ya dawa yaliyotafsiriwa na mashine, "meza kidonge saa nane usiku." Kiingereza kilisema 8 p.m., ambayo kwetu ni saa mbili. Bibi mtiifu aliweka kengele, akaamka usiku wa manane, akameza dawa ya sukari tumbo tupu. Ile "kila baada ya saa nane" nayo wapo wanaoielewa kuwa ni kila ifikapo saa nane, hivyo dozi tatu zinakuwa mbili, au moja.

Sheria ipo. Kanuni za serikali ya shirikisho za mwaka 2024 zinasema hospitali ikitumia mashine kutafsiri maandishi muhimu, lazima mfasiri binadamu mwenye sifa ayapitie. Na mtoto mdogo hatakiwi kugeuzwa mkalimani wa mama yake, isipokuwa kwa muda tu katika dharura. Mkalimani halipiwi na mgonjwa. Mwombeni kabla ya siku ya miadi, na mseme ni Kiswahili cha wapi, kwa sababu mtu wa Uvira na mtu wa Unguja wanaweza kupotezana kwenye maelezo ya tumbo.

Wanafunzi mnaozungumza Kiswahili safi, hapa kuna kazi. Kuna cheti cha ukalimani wa hospitali, na hizo tafsiri za mashine zitahitaji macho ya kuzipitia kwa miaka mingi. Ila msikubali kulipwa kama wenzetu wa Nairobi, ambao jarida la Time liliandika Januari 2023 kwamba walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa.

Na wewe unayempelekea mama yako dawa, chukua kalamu nene uandike juu ya kichupa: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Pembeni yake andika 6, 2 na 10, ili na nesi wa zamu aelewe.