SHINKOLOBWE: KIJIJI KISICHOKUWEPO, ARDHI ISIYOSAHAULIKA

Katika jimbo la Katanga ya Juu, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kiasi cha kilomita 20 kutoka mji wa Likasi, iko ardhi ambayo jina lake limedumu kuliko nyumba zilizojengwa juu yake. Ardhi hiyo ni Shinkolobwe. Mara mbili watu wamefanya makao hapo kwa ajili ya mgodi, na mara mbili makao hayo yametoweka. Kwa askari wetu wa jeshi na wa polisi, ambao huweza kupangiwa lindo la mgodi au la mpaka wakati wowote, historia ya mahali hapo inafaa kufahamika.

Kabla ya ukoloni, wenyeji wa Katanga walijua matumizi mawili ya ardhi yao. Majira ya mvua yalikuwa ya kulima. Kiangazi kilipofika, mafundi walichimba mawe ya shaba, wakayayeyusha katika tanuri za udongo, na kufua misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika biashara ya masafa marefu. Hivyo jembe na sururu vilipeana zamu, na aliyechimba leo alikuwa mkulima kesho.

Utaratibu huo ulivunjwa na ukoloni wa Kibelgiji. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut Katanga, ikapewa haki ya kuchimba madini katika eneo kubwa mno. Mwaka 1915 yaligunduliwa mawe ya urani huko Shinkolobwe, na miaka michache baada ya Vita Kuu ya Kwanza uchimbaji ukaanza. Kilichotafutwa wakati ule hakikuwa urani yenyewe bali radiumu iliyomo ndani yake, ambayo ilitumika kutibu saratani na ambayo gramu yake 1 ilikuwa na thamani ya maelfu ya gramu za dhahabu. Urani ilihesabiwa kuwa kama makapi, ikatumika zaidi kutia rangi vyombo vya kioo na vya udongo. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, na mashimo yakajaa maji.

Vita Kuu ya Pili ikaigeuza thamani ya makapi hayo. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa ameonywa na wataalamu kwamba urani ingeweza kuzaa silaha ya kutisha. Mwaka 1940 alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, yakahifadhiwa katika ghala. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimwendea na kuyanunua. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha asilimia 65, ilhali mawe ya migodi ya Amerika ya Kaskazini hayakufikia hata asilimia 1. Wahandisi wa jeshi la Marekani wakaja kuufungua mgodi upya. Mawe yakapita kwa reli, kwa mto, na kwa reli tena hadi bandari ya Matadi. Na jina la Shinkolobwe likafichwa hata kwenye ramani. Tarehe 6 Agosti, 1945, mji wa Hiroshima ukateketezwa kwa bomu ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilitoka katika ardhi hiyo. Mchimbaji Mkongo aliyebeba mawe hayo kwa mikono mitupu hakuambiwa alichokuwa akikibeba.

Kongo ilipokaribia uhuru wake wa tarehe 30 Juni, 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa zege. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha mali za Union Minière, na shirika la umma, lililokuja kuitwa Gécamines, likarithi migodi. Lakini katika miaka ya 1990 shirika hilo lilidhoofika, na wafanyakazi wengi wakabaki bila mishahara. Watu wakarudi Shinkolobwe na sururu zao, safari hii wakitafuta kobalti. Kijiji kikaota juu ya mashimo: vibanda, soko, na wakazi waliokadiriwa kufikia 15,000. Hapakuwa na mashamba ya maana, wala hapakuwa na mtu mwenye hati ya kiwanja chake. Sheria ya nchi ilisema ardhi na madini ni mali ya dola; njaa ikasema vingine.

Januari 2004 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji mahali hapo. Amri ilitoka, lakini watu waliendelea kuchimba. Julai mwaka huo shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Agosti kijiji kilivunjwa na kuchomwa moto. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipofika mwishoni mwa Oktoba, walikuta wakazi wamekwisha kutawanyika.

Ndugu wasikilizaji, tujiulize: kwa nini amri peke yake haikutosha? Jibu ni kwamba lindo huzuia mguu, lakini halishibishi tumbo. Mtu aliyefukuzwa pasipo kuonyeshwa pa kulima wala pa kuchimba kwa halali hurudi usiku, na anaporudi humkuta askari mwenye shida zake. Hapo ndipo rushwa huzaliwa, na lindo likageuka mlango wa kulipia. Hata hivyo katazo lile lilikuwa na sababu ya haki. Kobalti ya Shinkolobwe hukaa pamoja na urani. Mionzi haionekani wala hainuki, na madhara yake huweza kuchukua miaka kabla ya kudhihirika.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Malori yenye shaba na kobalti ya Katanga hupita Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Askari anayekagua hati za mzigo na kudai upimwe kwa chombo cha mionzi panapokuwa na shaka, anawalinda dereva, kuli, na yeye mwenyewe. Mchimbaji wa mwaka 1944 hakuambiwa alichokibeba. Askari wa leo hana udhuru wa kutojua anachokiruhusu kupita.