Nani Anampenda Nani? Mabadiliko ya Mapenzi katika A Midsummer Night's Dream

Wanafunzi wengi hukanganyikiwa na tamthilia hii ya Shakespeare pindi vijana wanne wa Athens wanapoingia msituni. Kwa usiku mmoja tu, wanapendana, wanakataana na kugombana. Dawa ya mkanganyo huu ni kuchora mishale. Andika majina manne kwenye karatasi, kisha uonyeshe nani anampenda nani katika kila hatua.

Hatua ya 1: Athens (Tendo la I)
Hermia na Lysander wanapendana. Demetrius pia anamtaka Hermia, naye Helena anampenda Demetrius. Egeus, babake Hermia, anamtaka bintiye aolewe na Demetrius. Akikataa, sheria inasema auawe au awe mtawa maisha yake yote. Ndiyo maana Hermia na Lysander wanatoroka. Huu ni uhai wa msichana, si mzaha.

Hatua ya 2: Kosa la Puck (Tendo la II, Onyesho la 2)
Oberon, mfalme wa vibwengo, anamtuma Puck ampake Demetrius utomvu wa ua la mapenzi machoni. Puck anampaka Lysander kimakosa. Lysander anaamka, anamwona Helena na kumpenda papo hapo. Sasa mishale inafanya duara: Lysander anampenda Helena, Helena anampenda Demetrius, Demetrius anampenda Hermia, na Hermia anampenda Lysander. Hakuna anayependwa na ampendaye.

Hatua ya 3: Wote kwa Helena (Tendo la III, Onyesho la 2)
Demetrius naye anapakwa utomvu na kumpenda Helena. Hatua hii ni kinyume cha ile ya kwanza: aliyekataliwa anagombaniwa, na aliyegombaniwa anakataliwa. Helena hafurahi. Anaamini kwamba wote watatu, hata Hermia, rafiki yake tangu utotoni, wamekula njama kumdhihaki. Urafiki wao unavunjika kwa matusi, likiwemo lile la ufupi wa Hermia.

Hatua ya 4: Mapambazuko (Tendo la IV, Onyesho la 1)
Puck amemtibu Lysander, naye anarudi kwa Hermia. Demetrius anabaki na Helena. Theseus anaubatilisha uamuzi wa Egeus, na ndoa zinafuata.

Tunajifunza nini?
Kwanza, tazama mishale ya wanawake. Hermia anampenda Lysander mwanzo hadi mwisho, naye Helena habanduki kwa Demetrius. Wanaobadilika ni wanaume.

Pili, usiulaumu utomvu kwa kila jambo. Kabla ya tamthilia kuanza, Demetrius alikuwa amemchumbia Helena, kisha akamwacha kwa ajili ya Hermia. Hakuna kibwengo aliyemgusa wakati huo. Limbwata la Oberon linafanya kwa dakika moja yale ambayo moyo wa Demetrius ulikwisha kuyafanya wenyewe.

Tatu, kuna kinaya katika mwisho huu wa furaha. Demetrius anajilinganisha na mgonjwa aliyepona na kurudiwa na hamu ya chakula. Hadhira inajua kwamba utomvu haujaondolewa machoni pake. Anayedai amepona ndiye aliye bado chini ya dawa. Je, Helena amependwa kweli? Shakespeare halijibu swali hili. Mtahiniwa anaweza kutetea upande wowote, mradi atoe ithibati.

Tanbihi kwa mtahiniwa
Usisimulie hadithi nzima. Kwa kila hoja, taja badiliko, kilicholisababisha na athari yake kwa mhusika. Kusema tu "Lysander anampenda Helena" hakutoshi. Eleza kwamba kosa la Puck linamfanya Lysander amtelekeze Hermia akiwa amelala peke yake msituni, hali inayoonyesha jinsi mapenzi ya macho yasivyotegemeka.

Swali la marudio
"Katika A Midsummer Night's Dream, wanaume hupenda kwa macho ilhali wanawake hupenda kwa moyo." Jadili. (alama 20)