Namna ya kumtambua shakwe wa Pwani

Wakazi wengi wa miji ya Pwani ya Kenya humjua shakwe kama ndege mweupe anayezengea samaki karibu na mashua. Hata hivyo, shakwe anayezaliana katika pwani hiyo hana weupe mwingi. Kichwa na koo lake ni kahawia iliyokoza, mithili ya kofia iliyoteremshwa hadi kifuani. Kitaalamu huitwa Ichthyaetus hemprichii, jina litokanalo na Wilhelm Hemprich, mtaalamu wa viumbe wa Ujerumani aliyefariki Massawa mwaka 1825.

Alama ya kuaminika zaidi ni mdomo. Huwa mnene, wa manjano inayoelekea kijani, wenye mkanda mweusi na ncha nyekundu. Juu ya jicho pana mstari mfupi mweupe, na shingoni ukosi mweupe. Mgongo ni wa kahawia na tumbo ni jeupe.

Wasiozoea humchanganya na shakwe wengine wawili. Wa kwanza ni shakwe mkubwa atokaye kaskazini mwa Urusi, ambaye hufika wakati wa kaskazi. Huyo ana kichwa cheupe na mdomo wa manjano wenye doa jekundu upande wa chini. Wa pili ni mdogo zaidi, mwenye kichwa cha kijivu, mdomo mwekundu na miguu myekundu. Makinda ya shakwe wa Pwani hayana kofia iliyokoza. Mdomo wao ni wa kijivu wenye ncha nyeusi, na mkiani mna mkanda mweusi.

Mahali pazuri pa kuwatazama ni mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ambako hupumzika kwa makundi mchangani. Mtazamaji atumie darubini na kusogea polepole. Kundi likiinua vichwa kwa pamoja, hiyo ni ishara kwamba amekaribia mno.

Tahadhari ni muhimu zaidi katika visiwa vya Kiunga, wilayani Lamu hapo zamani na sasa Kaunti ya Lamu, eneo la hifadhi ya bahari tangu mwaka 1979. Ndege hao hutaga huko chini, penye kivuli cha mwamba au kichaka. Mzazi akifukuzwa, mayai hubaki wazi kwa joto na kwa wanyama walao mayai. Anayetaka kuwaona wakati wa kutaga hana budi kubaki chomboni, asikanyage kisiwa.